Baba, Iache Inveta Hiyo Dukani

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Ujumbe uliompa nahodha wa boti ya Kalemie umetufikia. Umesikia kwamba sola yetu inazima mapema, kwa hiyo unarudi na inveta kubwa. Mama alifurahi. Mimi nilikaa kizingitini nikashika kichwa. Tafadhali usiinunue.

Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Unakumbuka Jumamosi ile kabla hujavuka ziwa, tulipopita chumba kwa chumba na daftari langu la fizikia? Ulisoma wati nyuma ya friza ya Mama, nami nikaandika. Tukaandika taa tano na redio, na mbele ya kila kimoja saa kitakazotumika umeme wa kawaida ukikatika. Ukanigusa bega ukasema, "Inveta ni mgongo, betri ni tumbo. Mgongo unabeba vingapi kwa pamoja, tumbo linavumilia mpaka saa ngapi." Nilijivunia kuwa na baba anayeeleza hivyo. Sasa uko ng'ambo na umesahau maneno yako. Mgongo wetu ni mzima, Baba. Inveta haijalia hata siku moja kwamba imezidiwa. Tatizo ni tumbo.

Na sababu unaijua. Tulipofika sebuleni nilikuuliza, "Na simu za majirani?" Kabla hujajibu, Mama akadakia kutoka uani, "Nani anahesabu watu wanaokuja kwake? Hao ni mbuzi?" Ukacheka. Nikaacha mstari mmoja mtupu, nawe ukanunua betri moja.

Basi ungeuona mstari huo sasa. Umeme ukikatika, mtaa mzima wa Kasingirima unajua nyumba yenye taa. Mzee Hamisi anakuja na simu tatu, moja ya shemeji yake. "Naongeza kidogo tu, mjukuu wangu, ifike nusu," anasema, kisha anakaa mpaka zote zijae. Mama Neema amepitisha waya dirishani kwetu, anaangalia runinga kwake. Nikimtazama Mama, ananiambia niongeze viti.

Wiki iliyopita umeme ulikatika jioni. Hata watu wa taarabu kwenye redio hawajamaliza, betri ikaisha, na umeme wenyewe ulirudi kesho yake alasiri. Mama alipofungua friza, migebuka wake wote, samaki wa kuuza, walikuwa wamelegea. Aliwakaanga waliokuwa bado wazima, na unadhani aliwagawia nani? Majirani walewale. Mzee Hamisi alisifu pilipili. Baadaye Mama akaniambia taratibu kwamba friza iuzwe, atarudi kununua barafu na kupanga samaki barabarani kama zamani. Unajua alivyoisubiri friza ile.

Nilikasirika mpaka nikashindwa kusoma. Halafu nikachukua daftari, nikamfuata jikoni. Nikamwambia sitaki majina, nataka idadi tu. Aliendelea kuosha sufuria. Akautazama mlango.

"Simu kumi na nane," akasema. "Na runinga ya Mama Neema. Andika, lakini usisome kwa sauti."

Kumbe alikuwa anahesabu siku zote.

Nimeujaza mstari. Nimerudia hesabu mara tatu, nikiacha nusu ya betri bila kuguswa isife mapema, kama ulivyonionya, na jibu halibadiliki. Tunahitaji betri ya pili, aina ileile na ukubwa uleule kama ya kwanza, uzifunge sambamba. Inveta tuliyonayo inatosha. Friza haijauzwa. Nimemwomba Mama akusubiri, naye amekubali, ingawa anasema, "Baba yako anapenda vitu vikubwa."

Nahodha huyohuyo anakuletea barua hii. Ukishuka gatini majirani watakuja kukusalimu, na chaja ziko mifukoni. Wakaribishe wote. Ila mimi nikifungua daftari, safari hii usicheke.

Nakusubiri na bisibisi yako, nimeifuta kutu.

Binti yako