Nilichomuuliza Nesi

Dada Zuhura,

Nimeuliza. Yale maswali niliyokaa nayo tangu tukuzike, leo nimemmwagia nesi yote, mpaka akacheka: “Wewe umekuja kupimwa au kunipima mimi?”

Nna mimba ya miezi sita, dada. Juzi nikaanza homa na kikohozi. Mkwe wangu akachemsha mchaichai na karafuu, blanketi tayari, nijifukize kama tulivyokufukiza wewe. Ulikuwa ukitoka mule unahema, unasema, “Mimba tu hii, inanibana pumzi.” Na sisi tukaitikia, mimba. Mimi nikakutania eti umebeba pacha. Siku tatu tunakufukiza! Ya nne ndipo tukakupeleka hospitali, wakasema korona, na hapo... basi.

Leo nimelikunja blanketi nikaenda kliniki. Wakanitia kijiti puani. Kweli, ni korona.

Nikauliza: kwa nini ilimchukua dada yangu, na mimi niliyemuuguza ikanipita kama mafua? Nesi kasema tumbo likikua linayasukuma mapafu juu, na moyo unafanya kazi ya watu wawili. Ugonjwa ukiingia, mjamzito huweza kuzidiwa upesi kuliko mwengine. Na mtoto anaweza kuja kabla ya siku zake. Kumbe ndiyo maana Rayyan wako alikuja mdogo vile, anaenea kwenye mtandio! Sasa anakwenda chuoni kwa maalim, anasoma Kurani kwa sauti kuliko wote. Ananiita Mama. Utaniwia radhi?

Nikauliza na mvuke. Nesi akanishika mkono: “Hautibu korona, bibi. Na nyinyi hamkujua.”

Wengi hupona, kasema, na chanjo niliyochomwa itanisaidia. Kanibana kidude kidoleni, pumzi zangu nzuri. Mtoto anacheza. Lakini nikihema nimekaa tu, kifua kikibana, au mtoto akitulia, nirudi saa ile ile.

Nnakuahidi, dada, sitangoja. Mume wangu nshamwambia, vespa haitoki nyumbani wiki hii. Mkwe wangu nimemweleza pia. Alinuna. Baadaye akasimama mlangoni, barakoa imemfika machoni, akauliza, “Huyo nesi wako, kesho yupo? Na mimi nna langu la kumuuliza.”

Mungu akulaze pema, Zuhura wangu.

Mdogo wako,
Maryam