Bomba la Jikoni

Paris, Jumapili

Dada yangu Mauricette,

Jana niliimba mkahawani kwa Fernand. Ubeti wa pili, sauti ikakatika. Wateja wakakidaka kibwagizo, hata yule muuza nyama aliyelewa chakari. Fernand, kinanda chake cha kodiani mikononi, akanikonyeza: "Pumzika, bibie! Umetuimbia miaka yote, leo zamu yetu."

Kesho napasuliwa koo. Daktari hakuniahidi sauti. Usihangaike kuja, goti lako nalijua.

Nataka tu kukushukuru. Baba alipozikataza nyimbo za mikahawani, ulikuwa ukiosha sahani zilizokwisha takata, bomba wazi, asinisikie nikiimba.

Nikitoka bila sauti, nitakuja kwako. Lifungulie tu bomba, nitaimba. Hata zamani, kwenye maji yale, aliyenisikia ni wewe peke yako.

Mdogo wako mkaidi,
Huguette