Vioo vya Baba Neema Haviuzwi

Siku ya posho, tarehe 3 mwezi wa kumi

Kayé yangu, daftari yangu, yambo. Uko muzima? Umelala mu sanduku tangu Pasaka, panya hawakukuonja? Mimi niko, kwa neema ya Mungu. Magoti tu ndiyo yanalalamika.

Leo nimepanguza vioo. Kama kila posho, kesho ni misa. Yale masanduku manne ya vioo ya bwana yangu, Baba Neema. Alikuwa anawekea samaki wazima wa mto Lualaba, wale wadogo wa rangi, mpaka ndege ije iwachukue wapelekwe kwa watu wanaofuga samaki kwa kuangalia tu. Ndege iliacha kuja. Baba Neema akaenda Lusangi kutafuta dhahabu. Mara ya kwanza alituma salamu. Halafu kimya.

Nimewasha mashini ya kupuliza hewa, kidogo tu, isife. Inaguruma bila maji, kama mutu anayekoroma. Nimekunja mipira yake. Nimefunika yote na kikwembe mu chumba cha nyuma, nikafunga na ufunguo.

Bati juu ya kitanda linavuja. Neema anasema tuuze vioo tununue mabati. Mutoto wangu huyu ni mwalimu, anafundisha watoto wa watu. Desturi hajui.

Siku ya Mungu, tarehe 4

Misa. Padri amehubiri juu ya wale wanawali wa taa, waliomngoja bwana arusi usiku. Nilifurahi. Mimi mafuta iko.

Mu njia ya kurudi, Mama Salima, jirani yangu anayeuza mikate, amenipigia kelele mbele ya watu: "Mama Neema! Vioo bila samaki, kitanda bila bwana! Utapanguza mpaka lini?" Tulicheka wote. Mimi kwa mdomo tu.

Kwetu iko hivi. Vyombo vya kazi vya mutu aliye safarini haviuzwi. Mwanaume aliyeacha vyombo vyake nyumbani bado hajatoka mu ndoa. Akija kuvichukua, ametoka, na mahari hawezi kudai. Bibi akiviuza, ni bibi ndiye amefunga mlango. Hapo jamaa ya bwana watasema ameachana mwenyewe, na wazazi wake warudishe mbuzi za mahari. Mama yangu amezeeka, anatembea na fimbo. Mbuzi zile zililiwa zamani.

Lakini si mbuzi tu. Niseme ukweli, nani atasoma. Nampenda. Vioo vikiwa hapa, yeye iko wangu.

Siku ya pili, tarehe 6

Mvua. Nusu ya godoro maji. Neema amekasirika. Ameniambia amekwisha kusema sokoni kwamba vioo iko. Sokoni! Mimi pia nimekasirika. Tumekula ugali bila kuangaliana.

Siku ya tatu, tarehe 7

Mutu amekuja na baiskeli ya mizigo. Papa Asumani. Anatoka upande wa Kabambare. Mutu wa adabu, amekunywa maji, amesifu muhogo wangu. Anataka vioo. Nikasema haviuzwi. Akaomba. Nikasema haviuzwi. Akaangalia juu, kwenye bati linalovuja. Mutu mwenye akili.

Moyo ukalegea. Nikasema basi, angalia tu, kuangalia hakuuzi. Nikachukua ufunguo. Mlango sijafungua bado. Akauliza: "Ile kubwa, yenye kona ya ulimbo, bado inashika maji?"

Nilisimama pale.

Kona ile ilipasuka, Baba Neema akaiziba na ulimbo wa mti, ule wanaozibia mitumbwi kule Nyangwe. Aliziba humu ndani, mimi nikishika taa. Neema hakumwambia mutu. Neema mwenyewe hajui.

Nimeshindwa kuandika.

Siku ya nne, tarehe 8

Sasa naandika. Yaliyobaki ya jana ni haya.

Nilimuuliza Asumani nani amemwambia ile kona. Akasema sokoni. Nikasema sokoni hawajui kona. Akaanza kufunga kamba za baiskeli yake. Nikashika baiskeli kwa nyuma. Mimi, mwanamke wa umri huu, nashika baiskeli ya mutu.

"Mama, usinitie mu maneno ya watu. Mimi nimetumwa."

"Na nani?"

"Na mwenyewe."

Mwenyewe. Baba Neema iko muzima. Nilisema asante Mungu, kwa sauti, kweli nilisema. Asumani akafunika uso. Ndipo nikajua iko jambo lingine.

Hachimbi. Iko na nyumba kule Lusangi. Iko na mwanamke. Mwanamke anauza mikate kwa wachimbaji. Vumbi ni nyingi kule, na nzi. Wanataka vioo vya kuwekea mikate.

Mikate.

Nikauliza kwa nini hakuja kuchukua mwenyewe, ni vyake. Asumani akasema polepole, kama mutu anayetoa mwiba: "Akija kuchukua, wakubwa watasema ametoka. Mama ukiuza, kesi yake hakuna."

Anunue vyombo vyake mwenyewe kwa bibi yake! Ili mimi nionekane ndiye niliyefunga mlango. Ili mama yangu na fimbo yake aulizwe mbuzi. Na mimi nilikuwa nimeshika ufunguo.

Asumani ameenda bila kitu. Nilimpa muhogo wa njia. Sijui kwa nini.

Siku ya posho, tarehe 10

Sikupanguza. Mashini sikuwasha.

Nimemwambia Neema. Hakulia. Ameosha vyombo vyote, hata visafi. Halafu akasema, "Mama, nisamehe juu ya sokoni." Nikamwambia hata bila soko lako Asumani angekuja tu, alikuwa ametumwa.

Nilianza sala ya Baba Yetu. Nikafika pale pa kusamehe. Nikaruka. Mungu ameona kwamba nimeruka.

Siku ya Mungu, tarehe 11

Baada ya misa nilimuita shemeji Kalonda, kaka mukubwa wa bwana yangu, pamoja na mukubwa wa shirika letu la kanisa. Wote wawili nyumbani kwangu, mchana, mlango wazi. Nilifungua chumba cha nyuma, nikatoa kikwembe. Vioo vyote mbele yao, na mashini, na nyavu ndogo, na mipira.

Nikasema: sikuuza. Sitauza. Nimesikia kwamba mwenye vyombo anavihitaji. Basi aje avichukue na mkono wake, watu wakiona.

Nikawaeleza yote. Shemeji alisikiliza mpaka mikate. Pale akaruka toka kwenye kiti.

"Mikate? Mu vioo vya samaki? Huyu mutoto wa mama yangu ana kichwa kweli?"

Halafu akakaa.  Mimi nilidhani atamtetea ndugu yake. Akasema: "Shemeji, mbuzi hakuna mutu ataziuliza. Nitamtumia neno aje. Asipokuja mbele ya Noeli, ametoka, na ni mimi nitalisema mbele ya jamaa."

Mukubwa wa shirika akasali. Nilisema amina. 

Siku ya tatu, tarehe 14

Mvua tangu asubuhi. Mama Salima alikuja na mkate wa moto chini ya kitenge chake. Amekwisha sikia. Hakufanya mzaha hata mmoja. Hiyo ndiyo imeniliza, mwisho.

Bati linavuja palepale. Mimi na Neema tumesogeza kitanda. Tukabeba kile kioo kikubwa, tukakiweka chini ya tone. Sasa kimejaa mpaka karibu na ukingo. Maji safi, yanatulia, unaona ukuta upande wa pili.

Nimepitisha kidole kwenye kona ya ulimbo. Kavu. Hakuna hata tone moja. Kuziba alijua.

Neema amechota maji yale ya kupikia.

Mungu wangu, yote nimekwambia, na pale niliporuka mu Baba Yetu unapajua. Nijibu mapema, tafadhali.