Duka Lisilo na Mlango

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Watu wamepumzika, mimi nimefungua duka. Halina mlango, halina kufuli, halina ushuru wa soko — limo kwenye simu! Jina: Nicky Raba Kali. Kilosa nzima hakuna wa kunigusa. Morogoro labda, na hao sijawaona.

Ijumaa nilimrudishia Mzee Mwinshehe, mwenyekiti wa soko, ufunguo wa kizimba cha mama. Aliniuliza kama mama anajua. Nikasema anajua. Akaniuliza tena. Nikasema mzee, mama yuko Mikumi anamuuguza dada yake, biashara kanikabidhi mimi. Hilo la kunikabidhi ni kweli kabisa. Hilo la kujua... atajua. Akikuta oda zinamiminika atalia kwa furaha, nitamfuta machozi. Ufunguo wa pili alisafiri nao, umo kwenye pindo la khanga, kama kawaida yake. Abaki nao tu, ukumbusho.

Viatu vyote vya mtumba sasa viko uvunguni mwa kitanda changu. Vile vijiti vilivyokuwa vinaning'inia kizimbani kwenye msumari, nimechochea moto wa chai. Watu wa Kidete na wa milimani ndio huvileta: unakata kijiti sawasawa na mguu wa mtoto, unampa anayeshuka mjini, mama anakitia ndani ya kiatu, kikitosha kiatu kinapanda mlima. Ushamba gani huo. Siku hizi kuna namba.

Picha nimepigia stesheni ya SGR. Raba imekaa kwenye benchi kama abiria wa Dodoma. Mlinzi kanifukuza, lakini picha nilishachukua. Moto!

Jumatano, 9 Julai

Laiki — kibao. Oda — sifuri.

Wanaandika "kali hiyo" halafu wanayeyuka. Mmoja kauliza bei. Nikamjibu njoo inbox, kama wanavyofanya wakubwa wa Kariakoo. Hakuja. Mwingine kaandika palepale chini ya picha kwamba duka linaloficha bei ni kama mchumba anayeficha watoto. Watu wakacheka. Nikafuta. Akaandika tena. Nikamblock. Mimi sichekwi bure.

Mama kapiga. Mguu wa mama mkubwa unaunga vizuri. Akauliza kizimba kinaendaje. Nikasema kinachangamka, mama. Akauliza kama Mama Bonifas wa Kidete kapita. Nikasema bado. Akaanza kuniambia kijiti kipi ni cha nani — mtandao ukakata. Asante mtandao.

Nimekula ugali mkavu na sukari. Nisimwambie mtu.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeligundua kosa! Picha zangu ni za kweli mno. Raba ya mtumba ina mikunjo, ina historia, na mteja hataki historia ya mguu wa Mzungu. Nimeshusha picha za mtandaoni. Raba nyeupe, zinang'aa, nyuma kuna bahari ya sijui nchi gani. Ukurasa sasa unawaka.

Na jioni — ODA! Anaitwa Vaileth, nesi wa zahanati huko Magole. Namba thelathini na tisa. Nikapekua uvunguni nikaipata inayofanana na ya pichani. Inafanana ukiwa umesimama mbali. Nikaipaka rangi nyeupe pembeni, nikaipulizia pafyumu yangu. Rafiki yangu Yared ataipeleka kesho na bodaboda yake. Nimemwambia ajiandae, mwezi ujao atahitaji gari.

Form Two walinirudisha nyumbani wakisema sina mbele. Waje waone.

Jumapili, 13 Julai

Yared karudi. Na viatu.

Anasema dada wa watu hakupiga kelele. Aliweka simu mezani, akaweka raba pembeni ya simu, akawaita wagonjwa kwenye foleni waje watazame. Halafu akavaa. Kisigino kikabaki nje. Hiyo thelathini na tisa ni ya kiwanda gani, Mungu anajua. Rangi yangu ikabaki kwenye soksi yake. Yared hakupewa hata maji, na kwenye zile benchi kuna mgonjwa kamwita msaidizi wa tapeli. Kanisimulia akiwa ameangalia taa ya pikipiki, sio mimi.

Kisha Vaileth akaandika kwenye ukurasa wangu. Matusi ningeyaweza. Matusi nimeyasomea. Kaandika hivi: "Sikuibiwa. Nilidanganywa tu." Basi.

Tangu hapo wanauliza swali moja, wote, kama wimbo: duka lako liko wapi? Tukiumia tumfuate nani?

Nikaanza kuandika: Kizimba cha Magreti, soko la Kilosa, karibu na wauza dagaa. Kizimba cha mama kila mtu anakijua. Mpaka wasiojua kusoma wanakijua. Vidole vikasita. Nikafuta herufi mojamoja.

Mchana nimelala kifudifudi juu ya kitanda. Chini viatu, juu mimi. Wote mtumba.

Jumanne, 15 Julai

Simu imeanguka, kioo kimepasuka. Duka langu zima lina ufa!

Fundi simu ni Lupakisyo, nilisoma naye. Watu wakasema kahamia sokoni, kapata kizimba. Nikaenda. Nikaona kipi? Kile kile cha mama. Kapaka bluu, kafunga kufuli jipya kubwa kama la benki, ananionyesha kwa fahari. Kwenye msumari wa vijiti kaning'iniza chaja. Nikakaa kwenye benchi la mama kama mteja, nikasubiri kioo.

Mara Mama Bonifas huyo, kashuka na gari la asubuhi kutoka Kidete. Nikamwamkia. Akamtazama Lupakisyo, akatazama bluu, akaniuliza mama yako mzima kweli? Kwa sauti ile ya watu waliokuja msibani. Nikasema mzima, yupo Mikumi. Akashusha pumzi. Akanipa vijiti viwili vya mabinti zake, kipaimara kinakaribia. Akasema cha Bonifas mama anacho tangu mwezi wa tano, na mtoto yuko bweni, kwa hiyo nikitunze.

Nikasema kipo.

Kiliivisha chai yangu. Hata haikuwa na majani ya kutosha.

Alhamisi, 17 Julai

Sina la kupoteza. Nimefuta bahari zote. Nimeitoa raba ya kwanza uvunguni, na mikunjo yake na doa lake, nikatia kijiti cha binti wa Mama Bonifas ndani, nikapiga picha kijiti kikionekana mwanzo mpaka mwisho. Nikaandika bei. Nikaandika doa liko wapi. Nikaandika kisipotosha kinarudi, nauli juu yangu. Yared kasema nimechanganyikiwa. Lakini kakubali kubeba, ila safari hii anakagua kwanza mwenyewe.

Binti wa Mama Bonifas kajibu kwa sauti, nyuma kuku wanalia, mama yake anashangilia kuwa kijiti chake kiko kwenye simu.

Halafu Vaileth. Yule yule! Kaandika: "Sasa hapo." Katuma picha ya kijiti chake, kakilaza pembeni ya rula ya wanafunzi ili nione urefu. Kuna mwingine wa Dumila katuma ubua wa mtama. Mwingine uzi. Oda — za kweli, sio za kinywani mwangu!

Nilipaswa kuruka. Nikakaa. Kwa sababu wote, wakishamaliza, wanaandika kitu kile kile: kumbe wewe ni mtoto wa Magreti wa sokoni, yule wa vijiti, basi sawa, tunapajua.

Nikakimbia kwa Mzee Mwinshehe. Nikapiga magoti nikaomba kizimba, mimi, mbele ya wauza dagaa. Hakunigombeza. Alikunja gazeti lake polepole.

"Nilikuuliza mara mbili, kijana."

Nikaenda kwa Lupakisyo. Nikampa maneno matamu, nikamkumbusha majibu ya hesabu aliyonakili kwangu darasa la saba, yote ya makosa. Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Alisema yeye si mbaya, nje ya soko kuna kibanda anaweza kuhamia, lakini kwa maneno yangu hahami hata kiti.

"Mama yako aje aniombe mwenyewe. Huyo namheshimu."

Kwa hiyo dawa ipo. Ni sentensi moja tu. Mama, kizimba nilikitoa, nenda kaombe. Nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo. Kila nikifika kwenye "nilikitoa" naanza kukohoa.

Ijumaa, 18 Julai

Nilimpigia. Akawahi kupokea. Nikamuuliza Mikumi kuna nyani wangapi. Akasema mmoja, yuko Kilosa ananipigia simu. Tukacheka.

Nikakata.

Jumamosi, 19 Julai

Nipo sokoni, naandikia kwenye benchi.

Asubuhi mama kapiga akiwa tayari ndani ya basi. Mama mkubwa ameshaanza kutembea, yeye anarudi. Na anajua kuhusu duka! Mtoto wa mama mkubwa kamwonyesha picha ya kijiti ndani ya raba. Alikuwa anacheka mpaka abiria wa jirani akauliza kulikoni, akamwonyesha na yeye. Kasema nilidhani simu itakupumbaza, kumbe unaifundisha kazi. Kabeba vijiti vya wapishi na walinzi wa hoteli za kule, furushi zima, kavifunga kwa mpira. Akasema nisiende stendi, nitapoteza wateja. Atakuja moja kwa moja kizimbani, tuanze kupima.

Mama hajawahi kunisifia. Hata nilipozaliwa, wanasema alisema: haya.

Sentensi yangu nilikuwa nayo mdomoni. Yeye akasema, "Basi linaingia kijiji cha Ulaya, mtandao utakata." Ukakata. Safari hii sikuushukuru.

Lupakisyo kafunga, kaenda kula. Nimemwomba asichelewe. Kaniambia anachelewa makusudi, haya ni ya mama na mwana.

Basi limeshapita barabarani. Nimeisikia honi.

Namwona! Yuko kwa wauza dagaa, anasalimia mmoja mmoja, wanamshika mikono, na wao wananitazama mimi halafu wanatazama chini. Furushi liko kichwani. Bado hajaiona bluu, jua linampiga machoni. Anakuja. Anatabasamu, ananiashiria nikae, nisihangaike kuinuka.

Na mkono wake mwingine umeshaanza kufungua pindo la khanga, anatafuta ufunguo.