Baraka Niliyotemea Silikoni

Dada yangu Tapkigen wa Mulot,

Mko wazima? Huku Kericho mvua ya mawe inapiga majani chai, na mimi sipati joto hata karibu na jiko. Ni woga. Mjukuu wetu Cheptoo ndiye ananiandikia, na nimemkataza kupunguza neno.

Jana alinionyesha kazi yake chuoni: kipande cha silikoni, kidogo kuliko punje ya mahindi. Kinafungua na kufunga mwanga mbio sana, ndio habari za simu zipite bila kula stima nyingi. Amekihangaikia tangu aanze shahada. Nikafurahi, nikakitemea mate ya baraka, vile mama alitutemea kifuani. Na nilikuwa nimetoka kunywa mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa, na mkaa wake!

"Kogo! Hapa hata vumbi haliruhusiwi!" Cheptoo akanipigia kelele, mimi nyanya yake.

Akakiosha. "Hukulaani, Kogo, ulibariki," akasema, lakini alikuwa analia.

Kesho anakijaribu mbele ya walimu. Kikikataa, anaanza upya. Akitoka nyumbani atainamisha kichwa nimbariki kama kawaida, na mimi, dada, naogopa mdomo wangu.

Jifunike mabega, kunywa chai moto, niombee huyu mtoto.

Dada yako anayekupenda,
Taplelei