Mama Anasema Nipo Benki

Jumanne, 6 Mei

Uji umeungua tena. Aisha anaota meno, hataki kushushwa chini. Kaka yake Tariki kamwaga maji kwenye godoro. Mume wangu Salumu kaondoka kwenda dukani kwake, kasahau simu, karudi, kaondoka tena. Mpaka saa nne sijapiga mswaki.

Mwaka wa pili huu niko nyumbani. Kazi ya benki niliiacha mwenyewe. Hakuna aliyenifukuza. Nilitaka kulea. Naandika hapa kwa sababu nikisema hakuna anayeamini.

Alhamisi, 8 Mei

Mama kapiga. Jumamosi ni kicheni pati ya Mwanaisha, mtoto wa mama mdogo Zuhura, huko Mbagala; harusi ni wiki inayofuata. Kasisitiza nivae vizuri, tena nivae vile viatu vyangu vya kazini. Kwa nini vya kazini? Sikuuliza. Mama ni mwalimu mstaafu. Akiagiza, huulizi.

Jumamosi, 10 Mei

Nimejua kwa nini.

Ulifika wakati wa kutambulishana. Kabla sijasimama, mama kasimama, kanishika mkono. Kawaambia wanawake wote pale kwamba huyu ni binti yake wa kwanza, Mwanaidi, yuko benki, na karibuni atakuwa meneja wa tawi. Vigelegele. Mie nikachekacheka tu kama mjinga.

Kumbe muda wote huu, kwa mama, sijawahi kuacha kazi.

Sikumwambia kitu. Nilikula pilau, nikaaga mapema, nikasema mtoto ana homa. Mtoto hana homa. Basi na mie nikadanganya.

Jumapili, 11 Mei

Nimemsimulia Salumu. Kacheka. Kisha kasema mama anajisumbua bure, watu wote pale dukani wanajua kwamba yeye, Salumu, ndiye aliyemtoa mkewe kazini.

Nikaganda. Kumbe na yeye ana hadithi yake.

Hakunitoa. Barua niliiandika mwenyewe, nikaipeleka mwenyewe, yeye alikuja kujua jioni. Mmoja ananipandisha cheo, mwingine ananiachisha kazi. Hakuna anayesema niliamua. Nimemwambia asirudie. Kanuna. Na mie nimenuna.

Jumatano, 14 Mei

Siku mbaya.

Mama mdogo Zuhura kaja bila taarifa. Kutoka Mbagala mpaka Tegeta hii, na bajaji juu. Kaja na Rehema, mdogo wake bibi harusi, aliyemaliza chuo na hana kazi. Wamenikuta na kanga kifuani, povu mpaka kwenye viwiko, nafua nepi.

Mama mdogo kaniangalia, kaangalia beseni.

"Leo uko likizo, mwanangu?"

Nikasema ndiyo. Neno lilitoka lenyewe, kumlinda mama.

Akafurahi. Akatoa vyeti vya Rehema. Mama kawaahidi kwamba nitamwingiza benki. Rehema mwenyewe hakusema sana, ananitazama tu kama mgonjwa anavyomtazama daktari. Mama mdogo ndiye aliyeeleza, tena kwa kujisifu: Rehema kapata nafasi ya kufundisha chekechea huko Kinyerezi, wanamsubiri mpaka kesho, lakini ya nini kuhangaika na vitoto vya watu wakati dada yake yuko benki?

Nikawapa chai. Nikapokea vyeti. Nikawasindikiza mpaka barabarani.

Sijui mie ni mtu gani.

Alhamisi, 15 Mei

Asubuhi nimempigia mama. Nilitaka aseme yeye mwenyewe, ajitoe kwa heshima. Kasema Rehema bado mdogo, atapata nafasi nyingine. Nisubiri harusi ipite Jumapili. Nisimtie aibu sasa.

Nikamwambia Rehema hana muda. Kakata simu.

Nikampigia Rehema. Nikasema yote. Sipo benki. Siku ile sikuwa likizo. Simfahamu mtu yeyote wa kumwingiza. Rehema akauliza:

"Kwa hiyo mie nilikuwa nasubiri nini, dada?"

Nikamwambia aende Kinyerezi sasa hivi, asioge, asile, aende.

Chumvi nimeweka mara mbili kwenye maharage.

Ijumaa, 16 Mei

Ujumbe wa Rehema: nafasi kaikuta, anaanza. Basi. Hata salamu hakuna.

Mama mdogo kampigia Salumu, sio mie. Kasema nimewachezea. Mama yupo kimya. Napika, nafagia, naiangalia simu. Bora angenitukana.

Jumamosi, 17 Mei

Mama kaja. Hodi hakupiga. Shikamoo yangu kaiitikia akiangalia ukuta. Kakaa uani kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani kama mtu wa ofisi ya serikali.

Kasema nimemvua nguo mbele ya mdogo wake. Nikamuuliza, nguo hiyo alinishonea mie ya nini? Ana aibu gani na mie? Siibi. Sijiuzi. Nalea wajukuu wake.

Hapo ndipo alipolipuka. Sauti ilikuwa ndogo, lakini kalipuka.

"Nilikuacha kwa jirani, Mama Sefu, ukiwa hata shingo haijakaza. Nafundisha watoto wa watu, blauzi imelowa maziwa yako. Nikawa najiambia, acha, binti yangu atakuja kuwa mtu. Leo umeacha. Ukisema ulitaka kulea, mie nasikia unasema, mama, wewe hukunilea."

Sikulitegemea hilo. Nilijiandaa kwa matusi.

Nikamwambia sikuacha kazi ili nimseme yeye. Kasema mbona yeye ndivyo anavyosikia. Nikaona hapa nikimdanganya nimekwisha. Nikamwambia yote mawili. Kwamba kwa Mama Sefu nilikuwa nakaa kizingitini kila siku kumngoja, na siku nyingine nilimchukia. Na kwamba siku aliyonipeleka shuleni kwake, darasa zima likasimama kumwamkia, nilijiona mtoto wa mfalme. Yote ni kweli. Moja halifuti jingine.

Mama kalia. Sijawahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa baba. Sikujua niweke wapi mikono.

Tariki katoka ndani na kikombe chake cha kuchezea, kampa bibi anywe maji. Kikombe kitupu. Mama kapokea, kanywa mpaka mwisho, kasema ahsante.

Jumapili, 18 Mei

Harusi. Mama mdogo kanipita kama nguzo ya umeme. Nimestahili kidogo, sio yote. Rehema kanisalimia kwa mbali, kwa kichwa. Watu wawili wameniuliza kuhusu mikopo. Nimewaambia sipo huko, niko nyumbani na watoto. Mmoja kasema pole. Mwingine kasema hongera. Zote mbili zimeniudhi.

Mama alikuwa pembeni, kasikia yote. Hakuongeza neno.

Salumu naye bado ana hadithi yake ya dukani. Hilo halijaisha.

Jumatatu, 19 Mei

Mama kalala kwetu. Nimeamka nimemkuta uani anakunja nepi. Vumbi la saruji kutoka kiwanda cha Wazo limezikalia, anakung'uta moja moja kwanza. Aisha yuko mgongoni kwake, kalala, mdomo wazi.

Nikaketi kwenye ngazi. Tukakunja wote. Baadaye kaniuliza, bila kuniangalia, kama kazi hii ya nyumbani naipenda.

Nikasema naipenda. Siku nyingine najifungia chooni nalia.

"Mie nilikuwaga nalia stoo ya madaftari," kasema.

Jua lilikuwa halijafika uani. Kasogeza kiti kunipisha, nikakaa karibu yake.