Zbida Asifukizwe Tena

Baba Ghita,

Nimekimbilia kwa daktari wa wanyama kumwomba aje, maana Zbida hawezi kubebwa mpaka huko. Supu yake ya kuku iko jikoni, haina chumvi wala kitunguu. Ipashe moto kidogo tu. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni anasema ndiyo itaupa mwili wake nguvu za kupigana. Kitunguu saumu marufuku! Kwetu dawa, kwa paka sumu.

Na zile mbegu za kufukiza, harmali, zisiwashwe tena. Asubuhi nimekuta chumba kimejaa moshi, mama yako anamzungusha Zbida juu ya chetezo, eti jirani amempiga jicho la husuda. Paka mwenyewe anatafuta pumzi! Nikampokonya.

"Lalla, mama, unamuua!"

"Nimelea watoto sita kwa moshi huu, na mumeo mmojawapo. Naye nilimuua?"

Siku nyingine ningecheka. Sasa amejifungia chumbani, analia.

Ghita akiamka, mwambie paka wake amelala. ~~Mwambie atapona.~~ Mwambie tu amelala.

~~Mama yako asimguse Zbida.~~

Hapana, ngoja. Mimi nilipomsogezea supu, Zbida aligeuza uso. Lakini mama yako, kabla hajajifungia, alipita pale akachovya kidole, na Zbida akakilamba. Tangu juzi alikuwa hajatia kitu mdomoni. Nilijifanya sikuona.

Mgongee mlango. Mwambie namwomba, tena namwomba sana, amlishe yeye. Kwa kidole kilekile.

Mama Ghita